Anayefuata Baada ya Fundi Saa

Kidole gumba ndicho kilichomtia wasiwasi kwanza.

Kitinda alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari, kioo kimeshushwa, flaski ya chai ameibana kati ya magoti, anamtazama kaka yake akipanda kilima mbele yao. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Miguu ya Kaka ilizunguka sawasawa, mgongo umetulia, baiskeli haiyumbi. Mtu mwingine angesema huyu bado yuko ngangari. Lakini Kitinda alikuwa fundi wa cherehani, na fundi wa cherehani humtazama mtu mikono kabla ya uso. Aliona kidole gumba cha mkono wa kushoto kinabonyeza. Kinabonyeza, kinaachia, kinatulia kidogo, kinabonyeza tena. Na pale kilipobonyeza hapakuwa na kitu, ni usukani mtupu.

"Mjomba," alisema, "anabonyeza nini pale?"

Mjomba ndiye aliyekuwa anaendesha. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa tumbo na maneno. Alikodoa macho. "Gia hiyo."

"Gia haziko hapo. Ziko kwenye mikono ya breki."

"Basi kidole kinamwasha. Mtu aliyekalia kile kiti chembamba tangu juzi, akiwashwa kidole peke yake amshukuru Mungu."

Kitinda alicheka, lakini jicho lake halikuhama.

Yalikuwa mashindano ya vichaa, kama Wifi, mke wa Kaka, alivyoyaita. Barabara moja, kutoka ncha moja ya nchi hadi ncha ya pili, na saa ikishaanza haisimami. Ukila inahesabu. Ukienda haja inahesabu. Ukilala ndiyo inahesabu kwa raha zake. Kila mpanda baiskeli alikuwa na gari moja la kumsindikiza, na sheria ilikuwa fupi: gari likupe maji, likupe chakula, likumulikie njia giza likiingia, lakini ukipanda humo likasogea hatua moja, au mtu wako akikushika wewe au baiskeli yako kukusukuma au kukuzuia, umetoka. Lango la mwisho lingefungwa leo jua likizama. Ukiwahi, jina lako linasomwa mbele za watu. Ukichelewa, unakuta wanakunja maturubai.

Kaka alikuwa mchukuzi wa mikate. Alfajiri zote za utu uzima wake alizipitisha juu ya baiskeli nyeusi yenye kreti nyuma, akigonga milango ya watu. Mashindano haya alishayaingia mara mbili, na mara zote mbili aliishia katikati ya njia: mara ya kwanza tumbo, mara ya pili usingizi uliomwangusha kwenye mtaro wa maji. Tangu hapo wakandaji wa unga kule kiwandani walimwita Nusu Mkate. Walimchorea nusu ya mkate kwa chaki kwenye kreti. Akiifuta, kesho yake anaikuta tena. Jina likatoka kiwandani likaingia mitaani, hata vitoto vikajua. Naye akicheka nao. Lakini Kitinda alikijua kicheko cha kaka yake tangu utotoni, na hiki kilikuwa kile kinachoishia kwenye meno.

Kwa hiyo safari hii hesabu yote ilikuwa ya usingizi. Kaka alijifunza kwa kuanguka. Kahawa isiguswe mpaka siku ya mwisho. Mtu ajilaze kabla macho hayajaomba. Alale kidogo tu kabla ya ile baridi ya kuelekea alfajiri, maana hiyo ndiyo huwaondoa watu. Viatu visivuliwe. Na alale chini, kwenye mkeka, asilale garini, "kiti cha gari kina mikono," alisema, "kikikukumbatia hakikuachii." Msimamizi wa yote hayo alikuwa Kitinda. Yeye ndiye aliyetandika mkeka, yeye ndiye aliyemfunika macho kwa kitambaa cheusi alichokishona mwenyewe, yeye ndiye aliyemwekea kitambaa kibichi shingoni muda ukifika na kumwamsha, Kaka akiamka huku anaapiza.

"Usingizi ni kama mkwe," Mjomba alipenda kusema. "Ukimfungia mlango hakasiriki. Anakaa barazani, anakungoja. Siku akiingia, hatoki."

Maruweruwe nayo yalikuja, kama walivyotarajia. Jana Kaka aliyaona mawe meupe ya kando ya barabara akadhani ni watoto wa shule wamepanga mstari. "Watoto hawa hawana adabu," alilalamika, "nawapita wote hakuna hata mmoja anayeniamkia!" Mjomba alicheka mpaka akasimamisha gari. Kitinda naye alicheka, kisha akamuuliza swali lao, na Kaka akajibu, wakaendelea.

Swali lao waliliafikia mezani kwa mama, kabla ya safari. "Kuona vitu si neno," Kaka alimwambia. "Neno ni kichwa kikipotea. Sasa wewe utakuwa unanipitisha mikate. Unanitajia mteja, nami nakutajia anayefuata na anachochukua. Siku nikikosea njia yangu ya mikate, ujue mimi sipo, imebaki baiskeli. Hapo nishike, unitoe, hata nikikutukana."

"Na usipokosea?"

"Nisipokosea usiniguse. Niapie, Kitinda. Mjomba ana huruma, na mke wangu ana hofu. Wewe una subira. Niapie."

Kitinda akaapa. Ulionekana mpango wa mtu mwenye akili. Lakini walipokuwa wanaondoka Wifi alimvuta kando, nyuma ya mlango wa jikoni, akamshika mkono kwa nguvu. "Wifi, mimi kikombe cha ushindi sikipikii uji. Ule mteremko wa mwisho, wenye kona, nimeusikia. Nirudishie baba watoto mzima." Kitinda akaapa na hapo.

Ule mteremko ulikuwa mbele yao sasa. Wakimaliza kilima hiki, kuna tambarare fupi yenye nyumba chache, kisha kilima kidogo tena, kisha barabara inaanguka kona kwa kona, ukuta wa mwamba upande huu, korongo upande ule.

"Sogea naye sambamba, Mjomba."

Gari likasogea. Kitinda akatoa kichwa dirishani. "Kaka! Kinyozi!"

"Kinyozi mmoja," Kaka alijibu bila kugeuka. "Anayefuata duka la rangi, miwili."

"Duka la rangi!"

"Mkunga. Miwili, isiwe imeungua chini."

"Mkunga!"

"Fundi saa. Mmoja."

"Fundi saa!"

"Mwalimu mstaafu. Nusu, kwa sababu ya meno."

Mjomba akapiga usukani kwa kiganja. "Umesikia? Kichwa kinachemka kama birika! Mwache mtoto wa dada yangu afanye kazi."

Sawa, hakukosea. Ila jana na juzi akiulizwa alikuwa anasonya kwanza, anasema niacheni nipumue. Leo alijibu kwa upole, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye karibu naye sana. Na kwa kila mteja aliyemtaja, kidole gumba kilibonyeza.

Mchana gari halikuruhusiwa kumfuata nyuma nyuma kwa muda mrefu. Sharti litangulie limngojee. Wakatangulia mpaka kwenye zile nyumba chache za tambarare, wakaegesha kwenye kivuli cha ukuta. Kitinda akamimina chai yenye sukari nyingi, akakata ndizi, akasimama kando ya barabara na chupa ya maji mkononi.

Kaka akatokea. Alikuja kwa mwendo mzuri, akampita Kitinda na chupa yake kana kwamba kapita nguzo ya umeme, akakata kulia akaingia kwenye uwanja wa nyumba ya tatu. Akashuka. Akaiegemeza baiskeli ukutani taratibu, pedali akaikalisha juu ya kizingiti, vile mtu anavyofanya ili kreti isipinduke. Akagonga mlango: mara mbili, kisha mara moja.

Alifungua mama mmoja mwenye gauni la zambarau, mtoto mgongoni, povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Mikate," Kaka akasema.

"Mikate gani?"

"Ya leo hii. Bado ina moto."

Yule mama akamtazama juu mpaka chini: kofia ngumu, miwani, namba mgongoni, nguo za kubana. "We baba, na hiyo mikate umeificha wapi? Ndani ya hiyo suruali?"

Nyumba ya jirani wakaangua kicheko. Kaka alipeleka mkono nyuma ya baiskeli, pale kreti inapokaa. Mkono ukabaki hewani. Kitinda, aliyekuwa anakimbia kuja, aliuona ule mkono ukitafuta, ukitafuta, kisha akaona uso wa kaka yake ukirudi polepole kutoka mahali pa mbali.

"Maji," Kaka akasema. "Samahani, mama. Nilikuwa naomba maji."

"Maji ninayo mimi," Kitinda akasema. "Njoo ukae. Mkeka upo."

"Sikai."

"Umegonga mlango wa mtu unauza mikate, Kaka!"

"Ni mazoea. Miaka yote nagonga milango, mdomo umezoea. Wewe hujawahi kumwita mteja kwa jina la mwingine?" Alijaribu kucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, ya kung'aa, kama macho ya samaki. "Haya, niulize. Si ndiyo mapatano? Niulize nijibu niondoke, lango haliningoji."

Akamuuliza. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akaruka mbele, akamvizia kwa wateja wa uchochoroni. Kaka alijibu wote, haraka kuliko Kitinda alivyoweza kuuliza. Kule kwa mbwa wa jicho moja, mmoja, tupa juu ya geti usifungue. Zahanati, mikate ya wagonjwa, pitia mlango wa nyuma. Na kidole gumba kikibonyeza, kikibonyeza, ingawa sasa alikuwa amesimama wima na mikono yake haijashika chochote.

Ndipo Kitinda alipokijua kile kidole. Kilikuwa kinapiga kengele. Ile baiskeli nyeusi ya mikate ina kengele upande wa kushoto, na Kaka huipiga kila anapokaribia mlango wa mteja.

Kumbe hajibu kwa sababu yuko macho. Anajibu kwa sababu yuko kule. Ile njia ya mikate aliipita alfajiri ngapi na nusu ya kichwa bado iko kitandani? Miguu ndiyo iliyokuwa inaijua, na miguu hailali. Wao walitafuta swali la kumpima mtu aliyelala, wakachagua jambo lile moja ambalo mtu huyo hulijua vizuri zaidi akiwa amelala. Walimpa fisi bucha alinde, wakakaa wakifurahi kwamba mlango umefungwa.

"Kaka," alisema polepole, "yule mama aliyekufungulia mlango sasa hivi. Kavaa nguo ya rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe?"

"Aproni. Si mkunga yule?"

Mama wa gauni la zambarau alikuwa bado amesimama mlangoni, hatua chache tu kutoka pale, mkono kiunoni. Hacheki tena. "Dada," alimwambia Kitinda kwa sauti ya chini, "huyu mtu wako mlaze."

"Umesikia? Mtazame, Kaka, mtazame huyo hapo."

Kaka hakumtazama. Aliiondoa baiskeli ukutani. "Hilo si swali letu. Umebadilisha swali. Uliniapia, Kitinda."

"Na Wifi nilimwapia."

"Wifi hakuwepo mezani." Akapanda, mguu mmoja bado chini. Sauti yake ikashuka. "Mdogo wangu, nikilala sasa siamki kabla ya jua kuzama. Unajua. Mwili huu naujua mimi. Halafu itakuwa mara ya tatu. Watanichorea kile kidude cha chaki hata kwenye jeneza. Umebaki huu mlima mdogo na mteremko tu. Na mteremko hauna kazi, hukanyagi pedali. Ni kupumzika."

Akaondoka. Neno lile, kupumzika, likabaki limesimama pale uwanjani kama mtu.

Garini Mjomba hakuwasha. Alikuwa ameyasikia yote. "Mapatano ni mapatano," alisema, lakini bila nguvu. "Ukimshika ukamtoa hatakusamehe."

"Mjomba, wewe umewahi kuendesha umelala?"

Mjomba alifuta kioo cha mbele kwa ndani, ingawa kilikuwa safi. "Kila dereva wa lori amewahi. Wanaosimulia ni wale waliobaki."

"Ulikuwa unajua kwamba umelala?"

"Ungejuaje? Nilikuwa naota naendesha. Huo ndio ubaya wake, mama. Unaiota barabara ileile uliyo juu yake. Inakwenda, na ya ndotoni inakwenda, zinafanana kabisa. Mpaka ya kweli inapokata kona, na ya ndotoni haikati." Akageuza ufunguo.

Walimkuta karibu na kilele. Kitinda akatoa nusu ya mwili dirishani. "Kaka, simama! Nakuomba, simama!"

"Nimechelewa," Kaka akajibu, mpole vilevile, macho mbele. "Nimeshamaliza kwa fundi saa. Watu wanangoja."

Wakampita. Kileleni alikaa msimamizi wa mashindano chini ya mwavuli mkubwa, bendera mapajani. Barabara ilipita mbele yake, ikainama, ikapotea nyuma ya mwamba. Kitinda alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Ndugu yangu, tunaomba umsimamishie mtu wetu. Anakuja amelala."

Msimamizi akainuka akatazama chini ya kilima. "Yule? Mbona anakanyaga vizuri kuliko wote niliowaona leo?" Akatikisa kichwa. "Dada, mimi nasimamisha mtu aliyeanguka au aliyeomba. Ninyi mkitaka mshikeni. Ila mkimgusa, mmemtoa."

Kaka alikuwa anakuja. Tayari sauti ya mnyororo ilikuwa inasikika. Kitinda alisimama ukingoni mwa lami. Angeweza kumrukia. Angeweza kujitandaza barabarani. Angeita tena, lakini nani humsikia dada yake ndotoni? Dada hayumo kwenye njia ya mikate. Bendera haimo. Mchukuzi wa mikate hasimamishwi na bendera wala na mlima wala na mvua. Anasimamishwa na kitu kimoja tu.

Nimeshamaliza kwa fundi saa, alisema.

Kitinda akapandisha mabega, akapinda mgongo kidogo, akainua mkono mmoja kama mtu aliyetoka mlangoni kwake na ndara. Sauti akaichimba kutoka kifuani, sauti ya mzee asiye na meno ya nyuma.

"We wa mikate! Leo unanipita?"

Breki zikalia. Tairi la nyuma likaburura, likaandika mstari mweusi juu ya lami. Baiskeli ikasimama mbele yake, karibu kiasi kwamba alihisi joto la pumzi ya kaka yake. Mguu mmoja chini. Kidole gumba kikabonyeza mara ya mwisho.

"Shikamoo, mwalimu," Kaka akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Ningekupitaje? Nusu yako hii." Akapeleka mkono nyuma. Safari hii mkono haukupotea. Ulishika kitu, ukakileta mbele kwa uangalifu, kiganja kimepinda kwa kipimo cha nusu mkate kamili. "Pokea, bado wa moto."

Kitinda akapokea kwa mikono miwili. Macho yake yalijaa maji, lakini sauti hakuiachia. "Leo ingia ukae kidogo. Chai iko tayari."

"Wengine wanangoja, mwalimu."

"Wamekuja wote hapa kwangu wanapiga soga. Mikate watachukulia hapa hapa. Baiskeli iache, nani wa kuichukua?"

Kaka akafikiri. Jambo hilo lilikuwa na akili ndani yake. Akashuka mwenyewe, akaiegemeza baiskeli kwenye gari, akamfuata yule mwalimu mpaka kwenye mkeka ambao Mjomba alikuwa ameshautandika kimyakimya. Hakuna aliyemgusa hata unywele. Akaketi, akajilaza, viatu miguuni. Kitambaa cheusi kilipomfika usoni alikuwa ameshaondoka.

Msimamizi alikuna kichwa. "Sheria inasema kumshika," alisema. "Huyu hakushikwa." Akarudi chini ya mwavuli wake.

"Haya," Mjomba akanong'ona, "kidogo tu, kama kawaida yetu. Halafu mwamshe. Bado anawahi."

Ndivyo mpango ulivyokuwa. Muda wa kawaida ulipofika Kitinda akalowanisha kitambaa, akapiga magoti kando ya mkeka. Mkono wake ukafika karibu na shingo ya kaka yake, ukasimama. Kile kidole gumba, juu ya kifua, kilikuwa kinabonyeza. Bado alikuwa anagawa mikate. Akimwamsha sasa atasimama, atajibu, atapanda, na ni yuleyule atakayeteremka.

Akakaa chini, kitambaa kikidondosha maji kwenye sketi yake.

Mpanda baiskeli mmoja akapita akazama nyuma ya mwamba. Baadaye wawili pamoja. Kila aliyepita, Mjomba alitazama jua, akamtazama Kitinda. Kitambaa kikakauka mkononi. Simu ikalia, alikuwa Wifi.

"Anaendeleaje?"

"Amelala."

Ikasikika sauti ya kiti kikivutwa, na mtu akikaa kwa uzito. "Lango je?"

"Nikimwamsha sasa hivi, pengine analiwahi."

"Na hali yake?"

"Bado hajarudi, wifi. Nikimwacha atanichukia."

"Akuchukie akiwa hapa nyumbani," Wifi akasema. "Nitakaa naye mimi na hiyo chuki yake, nitailisha, nitaivisha. Mwache." Na simu ikakatika, au aliikata.

Sijui tuseme ni uamuzi, au ni kutoweza kuinua mkono tu. Kitinda mwenyewe hakujua. Alikaa pale akikitazama kidole mpaka kilipoanza kuchelewa, kikabonyeza kwa mbali, kikatulia. Hata hapo hakuinuka. Kivuli cha gari kilikuwa upande huu wa mkeka; kikanywea, kikahamia upande wa pili.

Kaka aliamka mwenyewe. Aliondoa kitambaa usoni, na kitu cha kwanza alichotazama ni kile kivuli. Hakuhitaji kuuliza.

"Wangapi wamepita?"

"Waliobaki wote."

Alikikunja kile kitambaa cheusi, akakikunja tena mpaka kikawa kidogo kama kiberiti, kisha akakitupa mbali majanini. "Umenimaliza," alisema. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Wale walinipa jina kwa utani. Wewe dada yangu, tumbo moja, ndiye uliyenibatiza."

"Ulikuwa umelala, Kaka."

"Nilijibu. Yote nilijibu."

"Ndiyo. Ulijibu yote."

Akamnyooshea kikombe cha chai. Hakukipokea. Mjomba akakohoa. "Mwanangu, heri nusu shari kuliko..."

"Mjomba, kaa na methali zako."

Mjomba akaenda kukagua matairi ya gari ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Upepo ulipanda kutoka korongoni. Kaka alienda mpaka mahali barabara inapoinamia, akasimama akitazama chini. Kutoka pale kona ya kwanza ilionekana vizuri, imekata ghafla kama kiwiko, na baada ya ukingo wake hakuna kitu, ni vilele vya miti kwa chini sana. Alitazama kwa muda mrefu. Mabega yake yakashuka. Aliporudi alikuwa bado amekasirika, ila hasira ilikuwa imekaa chini.

"Niulize," alisema.

"Nini?"

"Mikate. Si ndiyo mapatano? Niulize kama ulivyoniuliza."

"Mkunga."

"Fundi saa. Mmoja."

"Fundi saa."

Kaka akafungua mdomo. Akasimama. Akakunja uso, akakwangua ndevu zilizoota tangu juzi. "Fundi saa... anafuata yule mwenye mbwa. Hapana, ngoja. Kabla ya mbwa kuna mtu. Kuna mlango pale wa... Nani yule?" Akamtazama dada yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu jana, kwa macho ya mtu mchovu na mwenye hasira na aliyepo. "Nani anafuata baada ya fundi saa, Kitinda?"

Kitinda akageuka akaanza kukunja mkeka, machozi yake yasionekane.

Kaka alikagua breki ya mbele, akakagua ya nyuma, akavaa kofia. Jua lilikuwa limeshagusa vilele vya upande wa pili. Akaanza kuteremka, mikono yote juu ya breki, kona moja moja, akisimama kabisa penye changarawe. Gari likamfuata kwa mbali. Kitinda alikitazama kile kidole njia nzima. Kilikuwa kimelala juu ya usukani, kimetulia, kidole tu cha mtu.

Chini, barabara ilipokuwa tambarare, Kaka alipunguza mwendo mpaka gari likawa sambamba naye. Hakugeuza kichwa.

"Ni mwalimu," alisema. "Anayefuata ni mwalimu mstaafu."

"Ndiyo."

Akakanyaga pedali mara mbili tatu.

"Nilimpa wake?"

Kitinda aliitazama mikono yake, iliyokuwa mapajani, mitupu.

"Ulimpa, Kaka."

Kaka akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia akishagonga mlango wa mwisho na kreti iko tupu. Kisha akainama juu ya usukani akaendelea, peke yake mbele ya gari, kuelekea kwenye lango ambalo sasa hivi walikuwa wanalikunja.